Hesabu Niliyoiacha Haijalingana

Baba yangu alikuwa karani wa hesabu katika shamba la mkonge nje kidogo ya Tanga. Kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na daftari la mishahara, akaliweka juu ya meza ya chakula, akawasha taa ya chemli na kuanza kujumlisha. Zikipungua senti hamsini, hakulala. Mama alimsihi azitoe mfukoni mwake yaishe, watu walale. Baba alijibu kwamba senti hizo hazijapotea, zimekaa humo humo daftarini. Nilikuwa darasa la nne. Nilikaa upande wa pili wa meza nikimsomea tarakimu kwa sauti, yeye akizitia vema kwa penseli nyekundu, mpaka tuzione. Nilipenda sana ule wakati wa kuziona. Naamini ndio ulionifanya mhasibu.

Miaka mingi baadaye, Agosti 2018, tabia hiyo hiyo iliniangusha.

Nilikuwa naishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, nikifanya kazi ya kuhakiki na kulipa ankara katika ofisi moja ya mjini, huku nikitafuta CPA ya Marekani, leseni ya uhasibu. Mtihani ulikuwa na karatasi nne, kila moja saa nne. Wakati ule, ukishafaulu ya kwanza, ulihesabiwa miezi kumi na minane uwe umemaliza tatu zilizobaki. Muda ukipita, ile ya kwanza ilifutika na uliirudia. Nilianza na ya ukaguzi, mwanzoni mwa Desemba 2017, nikafaulu. Ya kodi nayo ikapita. Agosti nikaingia kwenye FAR, ya uhasibu na taarifa za fedha, ambayo watu wengi huiogopa kuliko zote kwa upana wake: hatifungani, mikataba ya upangaji, mafao ya wastaafu, hesabu za serikali za mitaa, kila kitu.

Enzi hizo FAR ilikuwa na maswali 66 ya kuchagua, yaliyogawanywa vifungu viwili vya 33, kisha simulesheni nane katika vifungu vitatu: mbili, tatu, tatu. (Tangu 2024 ni maswali 50 na simulesheni saba.) Simulesheni ni swali linalokuweka kazini hasa. Unapewa barua pepe, mkataba, ankara, jedwali lenye mapengo, na unatakiwa ujaze. Nyingine, wakati ule, ilikutaka uchimbe katika kanuni za uhasibu hadi uitaje aya yenyewe. Kifungu ukishakifunga, hukirudii tena. Na saa kwenye kioo inahesabu kwenda chini, 4:00, 3:59, bila kukuambia ni muda gani uutumie wapi. Huo unajigawia mwenyewe.

Mimi sikugawa. Nilikaa kwenye maswali ya kuchagua kama nilivyokaa na Baba mezani. Kila swali nililipiga hesabu mara mbili. Kifungu cha pili kilikuwa kigumu kuliko cha kwanza, na hilo lilikuwa la kawaida, kwani wakati ule ukifanya vizuri cha kwanza unapandishwa kwenye kigumu zaidi. Nilijua hivyo kwa kusoma, lakini pale kitini niliona kwamba nashindwa, nikazidi kung'ang'ania. Nilipofunga maswali ya kuchagua, saa mbili na dakika kumi zilikuwa zimekwenda. Simulesheni mbili za kwanza zikala dakika hamsini. Nilipofika kifungu cha mwisho nilikuwa na robo saa kwa simulesheni tatu, na ya tatu sikuigusa kabisa. Niliiona tu ikizimika pamoja na kioo.

Nilipata 71. Ya kufaulu ni 75.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Kikenya ambaye watoto wetu walisoma pamoja. Yeye alikuwa ameshapita. Alinikuta nimejiinamia katika maegesho ya shule, akaniuliza si alama nilizopata, bali saa ilisomaje nilipofunga kila kifungu. Nikamwambia. Akachukua risiti ya dukani, akaandika nyuma yake.

"Dadangu, ona. Maswali ya kuchagua ni nusu ya alama, simulesheni ni nusu. Maswali sitini na sita, nusu. Simulesheni nane, nusu. Sasa wewe umeacha moja tupu. Hiyo moja ni kama maswali manane ya kuchagua. Ungeyakosa manane kwa kubahatisha ungelia?"

Nikasema ningelia.

"Basi umeacha manane bila hata kubahatisha. Na simulesheni haitaki umalize yote. Ukijaza pengo moja sawa, unalipwa hilo pengo."

Kimahesabu hasa, alama za mtihani ule hazitoki kwa kugawanya hivyo tu. Kila swali lina uzito wake, na mengine hayahesabiwi kabisa, yamewekwa kujaribiwa kwa ajili ya mitihani ijayo, na huwezi kujua ni yapi. Lakini mimi nilihitaji ile risiti. Niliibandika kwenye friji.

Novemba nikafanya karatasi ya mazingira ya biashara, ikapita. FAR ikabaki peke yake. Januari na Februari ofisini ni miezi ya kufunga hesabu za mwaka, sikuthubutu. Ikawa Mei 2019. Ya ukaguzi ilikuwa inafutika mwanzoni mwa Juni, na kwa utaratibu wa wakati huo karatasi moja hairudiwi mara mbili katika msimu mmoja. Kwa hiyo Mei ilikuwa mara moja, basi.

Nilinunua saa ya jikoni, ile ya kuzungusha kwa mkono, nikaanza kujifunza kuacha. Sisemi kujifunza hatifungani, hizo nilizijua. Kuacha. Dakika moja na robo kwa swali la kuchagua, ikilia naweka jibu ninaloliona karibu na kweli, naweka alama ya kurudia, nasonga. Dakika kumi na nane kwa simulesheni. Wiki za mwanzo nilitetemeka mikono. Mume wangu aliniona nikilia jikoni usiku kwa sababu nilikuwa nimeacha swali la uchakavu ambalo ningelimaliza kwa nusu dakika zaidi. Hakunicheka. Aliizungusha saa upya, akaniambia, "Endelea, mama." Nadhani watu hawajui kwamba kuacha nako kunafanyiwa mazoezi kama kitu kingine chochote, na kwamba kwa aliyelelewa kumaliza, kunauma.

Mei hiyo iliangukia Ramadhani. Siku ya mtihani niliamka kula daku mapema, maana huko mwezi wa tano alfajiri inaingia upesi. Nikaswali, nikakaa na daftari langu, nisisome kitu. Mume wangu aliniuliza kama nitafunga. Nilifunga. Sikutaka siku hiyo iwe na kitu cha ziada nilichokiacha.

Kituoni ni mambo yale yale: simu na saa ya mkononi kwenye kabati dogo lenye ufunguo, mifuko inatolewa nje, unapitishiwa kifaa cha kukagua chuma mwilini. Unapewa vibao viwili vya plastiki na kalamu ya wino. Kabla ya kuanza unakubali kwamba hutayatoa maswali nje. Nilikubali, na hadi leo nimeshika ahadi hiyo, kwa hiyo nitakayoyaeleza hayatakuwa na swali ndani yake.

Saa ilipoanza kuhesabu, kitu cha kwanza nilichoandika kwenye kibao ni hizi:

3:15. 2:30. 1:54. 1:00. 0:06.

Ndizo saa za kufunga kila kifungu. Dakika tisini kwa maswali yote ya kuchagua, mia moja arobaini na nne kwa simulesheni, sita za akiba.

Cha kwanza nilikifunga 3:13. Cha pili kilinikaba tena. Maandishi yalikuwa marefu na majibu manne yamefanana kama mapacha. Saa iliposoma 2:36 nilikuwa na maswali manane mbele yangu, na ndani ya kichwa nikaisikia risiti ya friji. Nikachagua, nikasonga, nikachagua, nikasonga. Mawili kati ya hayo sikuyasoma hata mara ya pili. Nikafunga 2:27. Simulesheni mbili za kifungu cha tatu zilikwenda vizuri, nikafunga 1:52.

Hapo kuna mapumziko ya dakika kumi na tano ambayo saa husimama. Nilitoka. Wenzangu walikuwa wanakunywa maji na kula vitu vya kwenye mifuko ya karatasi. Mimi niliosha uso, nikasimama dirishani nikiangalia magari kwenye maegesho, mdomo umekauka. Nilihisi nina nguvu. Sijui kama ni saumu au ni zile namba tatu nilizozipita kwa dakika chache tu.

Kifungu cha nne, simulesheni ya kwanza, dakika kumi na sita. Ya pili ikaja.

Lilikuwa jedwali. Pande mbili zinazotakiwa kutoa jumla moja. Zaidi ya hapo sisemi. Nililijua. Ni aina ya kazi ambayo ningeifanya nikiwa na homa. Nikajaza mapengo moja baada ya jingine, nikajumlisha, na pande zikakataa. Tofauti haikuwa kubwa. Nikajumlisha tena, tofauti ile ile. Dakika kumi na nane zikatimia, saa ikasoma 1:18. Nikajiambia dakika moja. Nikaanza kurudi juu mstari kwa mstari, na nikahisi niko Tanga, chemli inanuka mafuta ya taa, Baba ameinua penseli, anangoja nisome inayofuata. Hakuna kitu kilichowahi kunivuta kama jedwali lile. Nilikuwa na hakika kwamba iko pale, mbele ya macho yangu, na mstari mmoja zaidi ningeiona.

Nilipotazama saa, ilikuwa 1:11. Simulesheni moja ya kifungu hicho sijaifungua, na nyuma yake kifungu kizima cha tatu zaidi.

Nikaiacha. Nikafungua ya tatu, nikaifanya kwa dakika kumi na nne, 0:57. Tayari nilikuwa nimechelewa dakika tatu. Mshale ulikuwa kwenye kitufe cha kufunga, na lile jedwali lilikuwa mbofyo mmoja tu nyuma. Nilijua karibu mapengo yake yote yako sawa. Nilijua pia kwamba nikifunga, litabaki hivyo, halijalingana, na jina langu juu yake, na hakuna wa kulirekebisha. Sijawahi kukabidhi kitu cha namna hiyo, si shuleni, si kazini. Nilisema bismillahi kwa sauti nikasahau nilipo. Jirani yangu akageuka. Nikafunga.

Cha tano nilikimaliza zikiwa zimebaki dakika nne, na kila pengo lilikuwa na kitu ndani yake. Matokeo yalitoka Juni: 79.

Lakini siku hiyo sikuwa na matokeo. Nilikaa ndani ya gari, jua la mchana, na kitu pekee nilichokuwa nacho kichwani ni ile tofauti. Vibao walivichukua, namba nilitoka nayo. Nikampigia Baba. Tanga ilikuwa saa mbili na dakika arobaini usiku, ndiyo kwanza ametoka tarawehe.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Umemaliza?"

"Nimemaliza. Ila kuna moja nimeiacha haijalingana."

Akanyamaza. Nilisikia kelele za watu wakitoka msikitini, mtu akimsalimia. Nilidhani amesikitika, nikaanza kumweleza habari za vifungu na dakika kumi na nane. Hakuwa anasikiliza hayo.

"Tofauti ni ngapi?"

"Siwezi kusema, Baba. Tumekubali kutosema."

"Ah. Sawa. Basi usiniambie." Akafikiri. "Umejaribu kugawa kwa tisa?"

Sikujibu. Alinifundisha hilo kabla sijajua kugawa kwa urefu: tofauti ikigawanyika kwa tisa, kwanza angalia kama umepindua tarakimu mbili, umeandika 63 mahali pa 36. Nilikuwa nimelitumia mara mamia ofisini. Ndani ya chumba kile, kwa dakika saba zote nilizoiba, halikunijia.

"Jumlisha tarakimu zake," akasema. "Mimi nangoja."

Nikajumlisha kimya kimya, mkono kwenye usukani. Kumi na nane.

"Inagawanyika, Baba."

"Basi ziko humo humo," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu meza ile. "Umezipindua tu. Haya, nenda kapumzike, huko magharibi bado mbali."