Nilivyoongoza kipindi cha kusikiliza kwenye mabadilishano ya vijana

Wengi wakisikia mabadilishano ya vijana, yaani makundi ya vijana wa nchi mbalimbali kukutana kwa siku kadhaa ili kujifunza pamoja, hudhani ni matembezi ya bure na kupiga picha. Niliyoshiriki mimi yalikuwa kazi, tena kazi niliyoipenda. Mada ilikuwa mawasiliano, nami nilikwenda na kundi la nchi ninayoishi kupitia mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya. Kwa mabadilishano, mpango huo unapokea vijana wa miaka 13 hadi 30, nayo huchukua siku 5 hadi 21, safari haihesabiwi.

Ugumu ulikuwa kwenye lugha. Tulizungumza Kiingereza, na wengi wetu tulikuwa tumejifunza darasani tu. Wenye ufasaha walijibu haraka, mjadala ukawa wao. Nikawa naona vijana wenye mawazo mazuri wamekaa kimya, kwani mpaka mtu amalize kupanga sentensi yake kichwani, wenzake wameshahamia jambo jingine. Iliniuma kuona hivyo mahali tulipokuja kujifunza mawasiliano.

Kwa kawaida washiriki wenyewe ndio huandaa sehemu kubwa ya vipindi. Zamu yetu ilipofika, niliomba tufanye jambo moja tu: kusikiliza. Kanuni niliichukua kwa Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeipendekeza mwaka 1951. Mkibishana, huruhusiwi kujibu mpaka urudie kwa maneno yako alichosema mwenzako, naye akubali kwamba ndicho alichokusudia. Ukiisoma utaona ni jambo dogo. Ukijaribu kuifuata, jasho litakutoka.

Maelekezo niliyaandika kwa sentensi fupi kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliwasomea wenzetu wawili ambao Kiingereza kiliwapa tabu zaidi, na kila walipokwama nikafuta, nikaandika upya. Pia niliweka dakika moja ya kuandika, kwa lugha yoyote, kabla mtu hajafungua mdomo. Naamini dakika hiyo ndiyo iliyotubeba.

Tukakaa watatu watatu: wawili wabishane, wa tatu awe mwamuzi. Swali lilikuwa kama simu zipigwe marufuku vipindini. Nilisimama karibu na watatu ambao sauti zilikuwa zimeanza kupanda. Kijana mmoja alikuwa akieleza kwamba simu ndiyo kamusi yake. Mwenzake, binti, akarudia, "Unasema huwezi kuishi bila simu." Kijana akatikisa kichwa, hapana. "Unasema simu inakusaidia." Hapana tena. Binti akanyamaza, akaangalia karatasi yake, kisha akauliza kwa upole, "Unaogopa kuachwa nyuma sisi tukiendelea kuongea?" Kijana akasema, "Ndiyo. Hilo hasa." Ubishi ukaishia hapo hapo. Wakaanza kujadiliana nani akae karibu naye amfafanulie, na mwamuzi akabaki hana la kuamua.

Jioni, kwenye tathmini, waliozoea kunyamaza ndio waliotangulia kunyoosha mikono. Nilifurahi mno.

Jambo jingine lililonifaa lilitokea kwenye kipindi cha lugha ya mwili. Mshiriki mmoja alisema asilimia 93 ya mawasiliano haitokani na maneno. Mwezeshaji akamshukuru, kisha akatueleza chanzo cha takwimu hiyo: majaribio ya Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967, yaliyopima watu wanavyotambua hisia za msemaji pale neno, sauti na uso vinapopingana. Hayakuhusu kila aina ya mazungumzo. Ingekuwa kweli kwa yote, tungeweza kufuata hotuba ya lugha tusiyoijua kwa kumtazama tu mzungumzaji! Wale waliokuwa wakihangaika na Kiingereza walihitaji sana kuambiwa hivyo, maana walishaanza kuamini kwamba maneno yao hayana uzito.

Mwishoni kila mmoja hupata cheti cha Youthpass, ambamo unaeleza mwenyewe ulichojifunza. Usikijaze kwa sifa za jumla kama "nimejifunza ushirikiano". Mimi nilieleza kipindi chetu hatua kwa hatua, tangu karatasi ya maelekezo hadi tathmini, na maelezo hayo ndiyo niliyoambatanisha nilipoomba kuwa kiongozi wa kundi. Nilikubaliwa. Ratiba ya mabadilishano yajayo tunaiandaa sasa, na dakika ya kuandika nimeshaiweka kabla ya kila mjadala.