Shafti ya Mashine ya Nazi

Jana, Jumamosi, kabla hata ya chai, nilishuka karakanani nikaichukua shafti niliyoilaza mezani usiku, nikaipima tena kwa maikromita, kile chombo cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa. Usiku ilikuwa imesoma milimita 20.01, nami nikalala roho yangu ikiwa imetulia. Asubuhi ilisoma 19.99. Niliifuta kwa kitambaa safi, nikaufunga mdomo wa maikromita ili nione kama sufuri yake iko mahali pake, nikapima mara ya pili na ya tatu, na jibu halikubadilika. Beringi mpya, ambayo tundu lake ni milimita 20, iliingia kwa kusukumwa na kidole kimoja, na ilipofika mahali pake ikawa yazunguka juu ya shafti bila kushikwa na kitu. Kazi ya jioni tatu ilikuwa imeharibika kwa tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona.

Kazi yenyewe ilikuja wiki mbili zilizopita. Jirani yetu hapa Tudor, mama mtu mzima ambaye huuza nazi na kuwakunia wanunuzi kwa mashine ya umeme, alinipitia jioni moja baada ya Alasiri. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akasema moja kwa moja, «Mwanangu, mashine yangu yalia, na Ramadhani haiko mbali.» Kila aliyelelewa Mombasa anajua maana ya maneno hayo. Mwezi ule nyumba nyingi hupika futari kwa tui, na mtu aliyezoea kukuniwa nazi kumi kwa dakika chache harudi tena kukalia mbuzi kwa moyo mweupe.

Nilipoifungua niliona kwamba kilio kile kilikuwa na haki. Shafti ya asili ilikuwa ya chuma cha kawaida, na mashine ya nazi huoshwa kwa maji kila siku. Ukichanganya maji hayo, mabaki ya tui na upepo wa chumvi unaopanda kutoka mto wa Tudor, kutu haikosi njia. Ilikuwa imeingia chini ya beringi ya mbele na kulegeza mshiko wake. Tangu hapo pete ya ndani ya beringi haikuzunguka pamoja na shafti bali juu yake, ikaitafuna kidogo kidogo mpaka ikaacha mfereji wa karibu nusu milimita. Nililishika lile jembe la kukunia kwa vidole viwili na kulitikisa, likacheza kama jino la mtoto linalokaribia kung'oka.

Najua wako mafundi wa mjini wenye makerezo makubwa, yaani mashine zinazozungusha chuma huku kisu kikikichonga, ambao wangeimaliza shafti ile kwa nusu siku, na nilimweleza mama hivyo. Aliniambia kuwa ameshapeleka mara moja, akarudishiwa shafti iliyojazwa kwa weldi na kusuguliwa kwa gurudumu, ikadumu miezi miwili. Sikutaka kulisema vibaya jina la mtu yeyote. Nilisema tu kwamba nitajaribu.

Kerezo langu ni dogo. Lina uzito wa kilo 40 hivi, nililinunua likiwa limetumika, na kwenye senta zake mbili, zile ncha zinazoshika kipande huku na huku, hakiingii kipande kinachozidi urefu wa milimita 350. Kando yake ipo mashine ya milingi, ya kukatia chuma kwa kisu kinachozunguka, nayo ndogo, imefungwa kwa bolti nne juu ya meza ya mbao ngumu. Napenda kuiita ile ya kwanza kerezo, ingawa mafundi wenzangu wengi husema leithi, kwa sababu neno hilo tulikuwa nalo kabla ya chuma. Miguu ya vitanda vya kale, ile yenye mapingo na mashingo yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeusi, ilikerezwa hapa hapa pwani, mti ukizungushwa na fundi akishika patasi kwa mkono. Tofauti kubwa kati ya fundi yule na mimi ni kwamba kisu changu hakishikwi na mkono. Kimefungwa juu ya kitelezi kinachosukumwa kwa parafujo. Mwingereza Henry Maudslay alijenga kerezo la namna hiyo karibu na mwaka 1800, likiwa na kitelezi cha kisu na parafujo ndefu ya kukatia hesi, yaani meno ya parafujo, na tangu wakati huo ikawezekana kuikata hesi ileile mara mia bila kutegemea wepesi wa mkono.

Kwa shafti mpya nilichagua chuma cha pua cha daraja la 304, kwa kuwa kinagusana na chakula na maji. Daraja la 316 lingestahimili chumvi zaidi, kwa sababu limetiwa molibdenamu, lakini kipande nilichokipata kwa muuza vyuma chakavu upande wa Changamwe kilikuwa 304, cha unene wa milimita 25, kimenyooka, na bei yake niliiweza. Chuma hiki kina tabia zake. Kisu kikiwa butu, au ukikigusisha kwa woga kikawa kinasugua bila kukata, uso wa chuma huwa mgumu papo hapo, na mkato unaofuata hukutana na ngozi ngumu kuliko ile ya mwanzo. Aidha hakipitishi joto kwa haraka: badala ya joto kuenea na kupotea, hubaki palepale kisu kinapokata. Nililiendesha kerezo kwa mizunguko kama 250 kwa dakika, nikanoa kisu kila baada ya mikato michache, na maranda yakatoka marefu, yamejikunja, yenye rangi ya majani makavu. Hayo hayashikwi kwa mkono. Nina kijiti chenye ndoana cha kuyavutia.

Nilikereza kati ya senta mbili, wala sikutumia yale mataya matatu yanayobana kipande upande mmoja, kwa sababu shafti hii ina makao mawili ya beringi, moja kila upande, na ni lazima yote mawili yawe na kiini kimoja. Kwa mataya, ukigeuza kipande ili ukereze upande wa pili, hakirudi mahali palepale. Kwa senta, vitundu viwili vidogo vilivyotobolewa kwenye ncha ndivyo vinavyoshika ukweli wa kipande, hata ukikitoa na kukirudisha mara ishirini.

Yote hayo niliyafanya vizuri, na kosa likabaki moja. Ijumaa usiku nilikuwa na hamu ya kumaliza. Nilikata, nikapima, nikakata, nikapima, bila kupumzisha chuma, na nilipokigusa mkato wa mwisho ulipokwisha kilikuwa cha moto kiasi cha kunifanya niondoe kidole. Chuma cha aina hii hurefuka kwa sehemu 17 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ni kidogo mno, lakini shafti ya milimita 20 ikipanda joto kwa nyuzi 50 inanenepa kwa milimita 0.017, na kiasi hichohicho ndicho kilichonikimbia usiku nikiwa nimelala. Nilichokipima kilikuwa joto, nikaandika daftarini kuwa ni chuma.

Nilimpelekea ami yangu shafti ile. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika karakana moja upande wa Kilindini, na sasa macho yake hayaoni tena mistari ya maikromita, lakini vidole vyake havijastaafu. Aliitia beringi, akaizungusha, akaitoa, akasema, «Hii uliipima ikiwa na homa.» Kisha akaniuliza nitafanya nini. Nilimwambia ipo gundi ya kushikilia beringi, tone moja tu lingeziba nafasi ile. Hakunikataza. Alisema gundi ile ni nzuri, yeye mwenyewe ameitumia, na ingeshika. Akanyamaza kidogo, akauliza kama kipande cha chuma kilichobaki kinatosha shafti nyingine. Kilitosha.

Basi jana mchana nilianza upya, na leo nimemaliza. Sehemu kubwa ya kazi sitaieleza, kwa kuwa ilikuwa ileile. Nilipofika milimita 20.2 nilizima mashine, nikaiacha shafti kwenye senta zake, nikaiweka maikromita juu ya kitanda cha kerezo karibu nayo ili vyote viwe na joto moja, nikaenda kuswali na kukaa na watoto. Karakanani kwangu kulikuwa na joto la nyuzi 30. Vipimo vya viwandani vimewekwa kwa nyuzi 20, lakini hilo halikunitisha, kwa sababu beringi, shafti na chombo cha kupimia vikiwa na joto linalolingana, tofauti inayobaki baina yao ni ndogo. Kinachodhuru ni kimoja kuwa moto na kingine baridi.

Niliporudi baada ya Isha nilinoa kisu upya kwa jiwe la mafuta na kufuata njia ambayo ami alinifundisha zamani nami nikaipuuza siku ile ya haraka. Unaigawa sehemu iliyobaki kuwa mikato miwili iliyo sawa. Unakata wa kwanza, unasubiri, unapima, na unaona mashine imekupa kiasi gani hasa kwa kile ulichoiomba. Kerezo dogo hupinda kidogo linaposukumwa. Ukiliomba kumi hukupa tisa. Lakini ukiliomba kiasi kilekile mara ya pili hukupa kilekile, na hapo unajua la kusahihisha. Nilisubiri mara mbili, dakika ishirini kila mara, nikiwa nimekaa juu ya ndoo huku feni ikiwa imeelekezwa kwenye shafti. Kipimo cha mwisho kilikuwa 20.008. Nililala, na asubuhi nilipopima tena kilikuwa 20.008.

Mfereji wa kabari, ule unaoizuia puli isiteleze juu ya shafti, niliukata leo kwa mashine ya milingi: upana milimita 6, kina milimita 3.5. Hapo adui ni mchezo wa parafujo ya meza, yaani nafasi inayogeuka bure kabla ya meza kusogea, ambao kwangu ni karibu robo milimita. Nimejifunza kuifikia kila namba nikitokea upande mmoja tu. Nikiipita, narudi nyuma mzunguko mzima na kuanza tena. Hesi ya mbele, inakofungwa kichwa cha kukunia, ilinishangaza kidogo, kwa kuwa nati ya milimita 12 haikuingia. Ilikuwa hesi ya kale ya Kiingereza ya nusu inchi, yenye meno 12 kwa inchi na pembe ya nyuzi 55, iliyopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841 na ambayo bado mtu hukutana nayo katika mashine nyingi za zamani hapa mjini. Ami alikuwa na dai yake, yaani kifaa cha kukatia hesi hiyo, ndani ya kopo la maziwa, imezama katika grisi, bila doa la kutu.

Kuhusu kutu, acha niseme jambo moja. Shafti ya kwanza, ile iliyoharibika, nilikuwa nimeishika pamoja na kipande cha chuma cha kawaida nilichotumia kujaribia kisu, kwa mikono yenye jasho. Kile cha chuma cha pua hakikupata kitu. Kile kingine, asubuhi, kilikuwa na alama za vidole vyangu vitatu zilizochorwa kwa kutu ya rangi ya chungwa, mistari ya ngozi ikionekana wazi kama kwenye karatasi ya polisi. Ndiyo maana kila jioni napangusa vitelezi vyote kwa mafuta na kuvifunika kwa shuka la pamba, liwe kaskazi au kusi, na sihesabu kazi kuwa imekwisha kabla ya hapo.

Kuiingiza beringi kulichukua dakika moja. Sikutumia nyundo. Niliitia ndani ya mfuko wa plastiki, nikaufunga vizuri, nikauzamisha katika sufuria ya maji ya moto, na ilipopata joto nikaiteleza juu ya shafti baridi kwa mkono uliovaa kitambaa. Iliteremka mpaka kwenye bega bila kusita. Niliishikilia hapo huku nikihesabu. Nilipofika sitini nilijaribu kuzungusha pete yake ya ndani juu ya shafti, nayo haikusogea hata kidogo. Joto lile lile lililoniharibia Ijumaa lilikuwa limenifanyia kazi ambayo nyundo ingeifanya kwa fujo.

Mashine imerudi kwa mwenyewe leo jioni. Mama aliiwasha bila nazi kwanza, akainamisha kichwa akasikiliza, kisha akachukua kifuu na kukikuna mpaka weupe ukaisha. Alisema, «Sasa yapumua.» Alitaka kunilipa zaidi ya tulivyopatana, nikakataa, naye akanipa nazi nne.

Shafti ya kwanza nimeipaka mafuta na kuiweka kwenye rafu. Makao yake bado yana nyama ya kutosha kushuka mpaka milimita 17, ambacho ni kipimo cha beringi ndogo iliyo jirani yake katika orodha, na ami ana feni kubwa ya zamani ambayo beringi zake ni hizo. Kesho nitaanza kuipima, asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa.