Nilivyoacha begi la sampo nikaanza kuhesabu shelfu za maduka ya dawa: uzoefu wangu

Nimefanya kazi ya medrepu, yaani mtu wa kampuni ya dawa anayepita kuuza dawa, miaka saba, Morogoro mjini, Mvomero, Kilosa mpaka kule Ifakara, begi la sampo (dawa za mfano) begani na kitabu cha oda mkononi, asubuhi hospitali, mchana famasi na maduka ya dawa muhimu. Mwaka 2021 kampuni ikapunguza watu na mimi nikawemo. Nilikuwa na diploma ya famasi, watoto wawili wanasoma na kodi ya miezi mitatu tu mbele, na kitu pekee cha uhakika nilichobaki nacho ni kwamba wenye maduka wengi wa kule nawajua na wao wananijua.

Wazo la kwanza lilikuwa nifungue duka langu. Nikakaa na mume wangu tukapiga hesabu ya fremu, shelfu, friji, vibali, mzigo wa kuanzia, tukaona hatufiki ata nusu, tukaliacha.

Alafu akanipigia mama mmoja wa Kihonda, hapa Morogoro mjini, nesi mstaafu, ana duka la dawa muhimu alilofungua kwa kiinua mgongo chake. Akaniambia, "Mwanangu, njoo unisaidie, duka linauza kila siku lakini hela siioni." Nikamwambia shikamoo mama, nitakuja Jumapili tukishafunga, tuhesabu kila kitu.

Tulihesabu kuanzia saa nane mchana mpaka usiku, mimi, yeye na binti anayetoa dawa, tumetandika mkeka chini, kila dawa inatoka shelfuni inahesabiwa, naandika jina, namba ya bechi, tarehe ya kuisha na bei aliyonunulia. Tukafika shelfu ya chini kabisa, nyuma kule kuna katoni mbili za sirapu ya kikohozi zina vumbi, zimeisha muda miezi minane nyuma. Ile katoni niliitambua kabla sijaigeuza. Niliiuza mimi. Chukua kumi upate mbili za bonasi, na nakumbuka kabisa nilimwambia hii inatoka sana mama, msimu wa baridi huu. Nikakaa kimya, nae hakunilaumu, alisema tu, "Ulisema itatoka." Nililia nikiwa kwenye bodaboda narudi nyumbani, sioni aibu kusema.

Jumla ya dawa zilizoisha muda siku ile ilikuwa 1,140,000 kwa bei ya kununulia. Kwa duka la mtaani hiyo ni mtaji, ni ada ya mjukuu, ndio ile hela aliyokuwa haioni. Kwenye daftari la mauzo haikuonekana popote maana halikuwa na pa kuionyesha, limeandikwa mauzo ya siku na matumizi ya siku basi.

Hapo ndio nikajua kazi yangu mpya ni ipi. Sikuuza tena kitu, nikawa nawasaidia wenye maduka wajue wana nini, kinaisha lini, na waagize kiasi gani.

Kwa wasiojua, haya maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yakaja kuchukua nafasi ya yale tuliyokuwa tunayaita dawa baridi. Mtoa dawa anapewa mafunzo, duka linaruhusiwa baadhi ya dawa za cheti cha daktari kwa orodha maalum, dawa mseto ya malaria imo, amoksilini imo. Ni mpango mzuri sana na naupenda kwa moyo, maana mtoto akishikwa na homa usiku kijijini, mama yake anakimbilia dukani kwanza, zahanati itafuata kesho. Ila mtoa dawa akishamaliza mafunzo, anayekuja tena dukani mara nyingi ni mkaguzi, na mkaguzi anaogopwa. Mtu wa kukaa nae chini amuonyeshe namna ya kupanga, huyo alikuwa hayupo.

Mambo mengine nilijifunza palepale kaunta. Mteja anakuja anasema nipe amoksilini za buku. Kwanza hiyo yenyewe ni shida, antibayotiki haikatwi nusu dozi, nimekaa na watoa dawa wengi tukafanya mazoezi ya namna ya kumuelewesha mtu vizuri bila kumfukuza. Lakini hata kwa dawa ambazo ni halali kuuza vidonge vichache kama Panadol, angalia mkasi unapita wapi. Kwenye stripu nyingi tarehe ya kuisha imegongwa upande mmoja tu, pembeni. Mtoa dawa akianza kukata upande huo, vidonge vinavyobaki havina tarehe, baada ya wiki mbili kuna kopo limejaa vipande ambavyo hakuna mtu anajua vinaisha lini. Kwahiyo sasa kila duka ninaloingia kitu cha kwanza nachukua mkasi naonyesha, anza upande usio na tarehe, tarehe ibaki mpaka kidonge cha mwisho. Inachukua dakika moja.

Kingine ni mzigo mpya ukifika watu wanaupanga mbele kwasababu mkono ndio unafika hapo, ule wa zamani unasukumwa nyuma unafia huko. Inayowahi kuisha muda ikae mbele, hata kama imeingia leo. Na zile ambazo tayari zimeisha hazitupwi jalalani wala kumwagwa chooni, unazitoa shelfuni, unafunga kwenye boksi unaandika ZIMEISHA MUDA HAZIUZWI, unaorodhesha, alafu mwenye duka anaomba TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa, ziteketezwe chini ya usimamizi na gharama ni yake. Wengi hiyo gharama ndio inawafanya wazifiche. Nawaambia tukihesabu kila mwezi boksi linakuwa dogo na gharama inakuwa ndogo.

Sehemu ngumu haikuwa dawa, ilikuwa watu. Duka la tatu nililoingia, mtoa dawa alininunia siku nzima, alijua mwenye duka amenileta nimkamate mwizi, na kweli hesabu ilikuja na shoti ya kama laki na nusu. Mwenye duka akataka kumfukuza pale pale. Nikamuomba anipe wiki mbili. Nikakaa na yule dada kaunta, tukaandika kila kinachotoka, tukagundua majirani wanakopa, anaandika kwenye vipande vya boksi vinapotea, na yeye bosi mwenyewe anapita jioni anachukua dawa za nyumbani haandiki. Tangu hapo nina sharti moja, sihesabu duka mtoa dawa akiwa hayupo. Tunahesabu pamoja, anaona ninachoandika, anasaini na yeye.

Pesa sasa. Mama wa Kihonda sikumchaji miezi mitatu, nilikuwa na deni nae moyoni. Yeye ndio akaniletea wateja wawili wa mwanzo, wenzake wa kikoba. Nikaanza 40,000 kwa mwezi kwa duka dogo na 100,000 kwa famasi, maana famasi mzigo ni mkubwa na kuna friji ya insulini na oksitosini ya kufuatilia, nyuzi 2 mpaka 8, asubuhi na jioni inaandikwa, umeme ukikatika ujue umekatika muda gani. Mwaka wa kwanza sikufikia ata nusu ya mshahara wangu wa zamani, tuliishi kwa mshahara wa mume wangu na vitumbua nilivyokuwa nakaanga alfajiri. Sasa hivi nina maduka 14 ninayoyahesabia.

Kilichowafurahisha wengi ni kuagiza pamoja. Duka moja likienda Kariakoo na oda ndogo linapewa bei ya mtu mdogo, maduka sita yakipanga oda siku moja bei inasogea na usafiri wa basi tunachangia. Lakini kila duka lina invoisi yake na jina lake, hilo sikubali litelezeshwe, mkaguzi akiuliza dawa hii imetoka wapi lazima karatasi iwepo. Kuna maduka mawili nimeyakataa, walikuwa wanaweka dawa zisizoruhusiwa kwao chini ya kaunta wakataka niwatengenezee daftari la pili. Niliihitaji ile hela kweli, ila nikatoka.

Mwezi uliopita nilikuwa tena Kihonda kwa mama, zilizoisha muda zilikuwa za 48,000. Tukiwa katikati ya kuhesabu akaingia kijana medrepu, begi jipya, ana sirapu ya kikohozi, chukua kumi upate mbili. Mama akamkaribisha kiti, akavaa miwani, akafungua daftari akatembeza kidole mpaka kwenye mstari wenyewe. Akamwambia, "Hii natoa chupa nne kwa mwezi, mwanangu. Niletee nne."