Chombo Kilichokaa Tezi: Nilivyorekebisha Kuogelea Kwangu

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, na bahari niliijua kabla ya kujua kusoma. Kwa hiyo niliposhindwa miaka miwili mfululizo katika mashindano ya kuogelea ya msimu wa Maulidi, tena na vijana wembamba kuliko mimi, niliamini nimepungukiwa nguvu. Miezi minne nikapiga pushapu asubuhi na jioni. Mabega yakajaa, bega la kulia likaanza kuuma, na mwendo ukabaki uleule.

Aliyenifumbua macho ni ami yangu, nahodha wa mashua. Siku hiyo alikuwa amekaa ukutani akinitazama. Nilipopanda ngazi na kumwamkia, akaniambia, "Mwanangu, chombo chako kimekaa tezi."

"Vipi, ami?"

"Omo, yaani mbele ya chombo, iko juu; tezi, nyuma yake, imezama. Hata ukiongeza tanga, kitakwenda kikiburura maji."

Kesho yake binamu yangu akanirekodi kwa simu. Tulipoirudia video polepole, niliona kichwa changu kiko nje hadi kidevuni, namna tunavyoogelea wengi wetu tangu utotoni ili tuone boti zinazopita. Nyonga zimeshuka, na nyayo ziko chini kiasi cha mkono mzima, magoti yakikunjwa na kukunjuliwa kama ya mtu anayepanda ngazi. Niliitazama video ile mara nyingi sana usiku huo.

Nikaanza kusoma biomekaniki, elimu ya nguvu zinazofanya kazi mwilini mtu anapotembea, anaporuka au anapoogelea. Kila nilichosoma kilikuwa kinamtafsiri ami. Mapafu yana hewa, hivyo kifua huelea. Miguu ni misuli na mifupa, hivyo huzama. Maji hukusukuma juu karibu na kifua, ilhali uzito wako umeegemea karibu na nyonga, basi mwili unataka kuinama kwa nyuma wenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikiwa majini, bahari hukibeba. Ukikitoa, unakibeba wewe, na miguu ndiyo inayozama. Ni hesabu ileile ya mabaharia wanaposogeza farumi, uzito unaowekwa chini ya chombo, ili kikae sawa.

Kilichonishtua zaidi ni habari ya ukinzani wa maji. Huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitaka kwenda mara 2, ukinzani huwa mara 4, na kazi ya kila sekunde huwa mara 8. Hapo nikaelewa pushapu zangu zilikwenda wapi. Nilikuwa nanunua nguvu kwa bei ghali mno, wakati kulaza mwili tu kungenipa mwendo bila kuongeza msuli hata mmoja.

Nikachagua ngazi mbili za ukuta wa bandarini, kama mita 40 kati yake, nikawa nahesabu mikono ninayopiga kutoka moja hadi nyingine. Nilifanya hivyo siku za maji mafu tu, maji yakiwa yamesimama, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, mkondo hukudanganya: unakwenda nao ukajiona bingwa. Mara ya kwanza nilihesabu 62.

Nikatia uso majini nikitazama chini, na kuvuta pumzi kwa kuzungusha kiwiliwili chote, jicho moja likibaki ndani ya maji. Wiki mbili za mwanzo nilimeza chumvi ya kutosha. Kisha mkono. Zamani niliuchapa maji kuelekea chini, na Newton alishaeleza tangu 1687 kwamba kila nguvu hujibiwa na nguvu iliyo kinyume chake. Ukisukuma maji chini, yanakuinua kifua, huendi mbele. Sasa kiwiko hubaki juu, kiganja na mkono hadi kiwikoni husimama kama kafi, vikasukuma maji nyuma. Bega likaacha kuuma, nadhani kwa kuwa kiwiliwili kinachozunguka kililipunguzia kazi.

Kosa moja nililifanya kwa kupenda hesabu kupita kiasi. Nilikuwa nateleza muda mrefu kati ya mkono na mkono ili idadi ishuke, na kweli ilifika 41. Lakini binamu yangu aliyeshika saa akaniambia nimechelewa zaidi. Bahari yetu ina viwimbi, ukiteleza tu vinakusimamisha. Nikarudi kwenye 47, mwendo usiokatika, na kila mikono minane natoa macho tu kuangalia njia.

Msimu uliofuata nilitoka wa tatu. Ami alinipokea ngazini kwa taulo, akasema tezi imeinuka. Kwa sasa nafanya mazoezi ya kuvuta pumzi upande wa kushoto, kwani upepo ukija kwa kulia bado kila nikigeuka wimbi linanijaa mdomoni.