Jinsi Nilivyohesabu Zaka ya Duka Langu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikitoa fedha kila Ramadhani bila kuhesabu chochote. Nauza madera, kanga na vitambaa huku Eastleigh, na kila mwezi mtukufu ulipoingia nilitenga noti kwenye droo nikawa nampa kila aliyesimama mlangoni, nikiamini kwamba zaka nimekwisha kuitoa. Mwaka huu mteja mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza haul yangu, yaani kutimia mwaka wa kuitolea mali zaka, huangukia tarehe gani, nami sikuwa na jibu. Swali lile lilininyima usingizi.

Nilimwendea maalim wa msikiti wa kwetu Pumwani baada ya swala ya alasiri, nikifuatana na kaka yangu. Nilimwuliza kwa ujumla: "Maalim, zaka ya duka ni ngapi?" Alinijibu kwamba ni robo ya sehemu ya kumi, yaani asilimia 2.5, kisha akaniambia, "Lakini mama, sijui bado una nini. Nenda ukaandike kila ulicho nacho na kila unachodaiwa, halafu urudi." Naona hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunataka hukumu kabla ya kuieleza mali yenyewe.

Kuhesabu bidhaa kulinichukua usiku mbili baada ya kufunga duka. Maalim alinieleza kwamba bidhaa hukadiriwa kwa bei ya soko ya siku zaka inapowajibika, si kwa bei niliyonunulia, na kwamba rafu, cherehani na sanamu za kuvalisha nguo haziingii, kwa kuwa hizo ni vyombo vya kazi. Bangili zangu za dhahabu ninazozivaa nazo ziliachwa nje kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata, ingawa Hanafi wao huzitolea zaka. Bidhaa zilifika shilingi 1,860,000. Fedha za droo, benki na M-Pesa zilikuwa 310,000. Nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, kwa dhahabu ni gramu 85 na kwa madini ya fedha ni gramu 595, na mali yangu ilikuwa imezipita zote mbili, kwa hiyo sikuhitaji kuchagua ipi niifuate.

Kuhusu haul nilijifunza kwamba ni mwaka wa mwandamo, ambao una siku 354 au 355, na huanza siku mtu anaponunua bidhaa kwa niya ya biashara. Stakabadhi yangu ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa Rajabu. Zaka yangu basi ni ya Rajabu, na ningeweza kuitanguliza, lakini kuichelewesha hadi Ramadhani bila udhuru, kwa kutaraji tu thawabu za mwezi ule, hakufai.

Kazi kubwa ilikuwa daftari la madeni. Wateja ninaowakopesha walikuwa na shilingi 230,000 ambazo nina hakika watalipa, na hizo zilihesabiwa pamoja na mali yangu, jumla ikawa 2,400,000. Madeni ya wasiojiweza yaliwekwa kando: nikiyapata ndipo niyatolee zaka, pamoja na ya miaka iliyopita. Mimi mwenyewe nilidaiwa 400,000 na muuzaji wa jumla. Maalim alisema kwamba katika kauli inayotegemewa ya Shafi deni halizuii zaka, ilhali wanavyuoni wengine wanaruhusu lipunguzwe kwanza. Kwa kauli ya pili ningetoa 50,000, na kwa ile ya kwanza 60,000. Nilitoa 60,000, kwa sababu ndiyo kauli ya madhehebu yangu na kwa sababu sikutaka kuhama madhehebu kwa ajili ya shilingi elfu kumi.

Kisha nikaleta suala lililokuwa likinisumbua zaidi. Jirani yangu mmoja, ambaye mumewe ameugua muda mrefu, alikuwa na deni langu la shilingi 18,000, nami nilikuwa nimekusudia kumwambia nimekusamehe, kisha nizihesabu kuwa zaka. Maalim alikataa kwa upole. Zaka ni kutoa na kumilikisha: lazima itoke mkononi mwangu iingie mkononi mwa mstahiki, yaani anayefaa kupewa zaka, ilhali kusamehe deni ni kuacha kudai tu, na aghalabu ni kuacha kudai mali ambayo mtu ameshaikatia tamaa. Alinikumbusha aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara, inayoamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka afarijike, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Ila msamaha huo ni sadaka. Aliongeza kwamba naweza kumpa zaka kama mstahiki mwingine yeyote, maadamu sikumshurutisha anirudishie. Nilimpa 10,000 mkononi mwake bila kulitaja deni hata kidogo, na wiki iliyofuata, kwa niya nyingine kabisa, nikalifuta lile deni mbele yake.

Fungu jingine nilimtumia dada yangu anayeishi Kibra, kwa kuwa kumpa jamaa mwenye haja ni sadaka na ni kuunga udugu, kama ilivyopokewa katika hadithi ya Salman bin Amir. Mama yangu sikumpa kitu katika zaka, maana kumtunza ni wajibu wangu hata bila zaka. Zilizobaki zilikwenda kwa mafakiri na maskini wa hapa hapa Nairobi, kwa sababu Shafi wanataka zaka igawiwe pale mali ilipo ikiwa wastahiki wapo.

Noti za droo za miaka ile hazikuhesabiwa, kwani nilizitoa bila niya ya zaka, na zaka isiyotolewa wakati wake hubaki kuwa deni. Nilifukua stakabadhi za zamani, nikakadiria miaka mitatu ambayo mali yangu ilikuwa imefika nisabu, na jumla ikawa shilingi 95,000. Mpaka sasa nimelipa 70,000. Zile 25,000 zilizosalia nimeziandika ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya majina ya watu wote ninaowadai.