Nilivyouza bao la kete kwa televisheni

Ukipita Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, baina ya alasiri na magharibi utakuta bao limezungukwa. Wachezaji ni wawili, watazamaji wengi, na kila mtazamaji anajua zaidi ya anayecheza. Wakati huo nilikuwa napiga video za harusi. Nikawaza kwamba mchezo unaosimamisha watu saa nzima bila tangazo wala kiingilio hauwezi kukosa nafasi kwenye televisheni. Kituo kimoja cha hapa Pwani kilinipa nusu saa kwa wiki, kwa masharti ya vituo vidogo: gharama zangu, pesa za matangazo tugawane. Yaani bila mdhamini, hakuna kipindi.

Taabu ya bao kwenye skrini ni kasi. Fundi akishika kete anakula, anazungusha, anakula tena, analala (zamu yake imekwisha), na wewe bado unatafuta alipoanzia. Asiyejua mchezo anaona mikono tu. Nilitazama wengine walivyofanya. Waingereza, mwaka 1999, waliweka vioo kwenye meza ya poka na kamera chini yake, mtazamaji akaziona karata ambazo wachezaji wanafichana. Wahindi mwaka 2014 waliipeleka kabaddi ya vijijini ukumbini, chini ya taa kali, kila anayevamia akipewa sekunde 30. Bao halina siri ya kufichua, na wazee wa Mji wa Kale usiwaambie habari ya kubadilisha kanuni. Ilibidi nitafute ndani ya bao lenyewe kitu ambacho mgeni anaweza kukifuata kwa jicho moja.

Nilikipata kwenye nyumba, lile shimo la mraba. Mchezo unaanza na kete sita ndani yake. Katika namua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi, kete ya mwisho ikimwangukia mwenyewe hapo wakati anakula, anachagua: asimame, au aichote nyumba nzima asafiri nayo. Akisafiri, nyumba imekwisha, hairudi. Na mwenzake ng'ambo anaivizia aile. Nikaweka pembeni mwa skrini namba mbili kubwa, kete zilizomo kwenye nyumba ya kila mmoja. Mtangazaji, kijana wa Kuze mwenye Kimvita kitamu na ulimi mkali, nilimpa sharti moja: lolote likitokea, rudi kwenye nyumba.

Namua ilinisaidia kwa njia nyingine pia. Kete zote ni 64. Ishirini zinaanza mbaoni, na kila mchezaji anabaki na 22 mkononi za kuingiza moja moja. Kwa hiyo zamu zinahesabika kurudi nyuma bila mimi kuweka saa. Zikiisha mkononi, mtaji unaanza, yaani hatua ya pili ya kucheza na kete zilizo mbaoni tu, na hapo ndipo nilipokata kwa matangazo. Hakuna anayeondoka mtaji ukikaribia.

Kamera niliifunga juu, kwenye boriti za dari la nyumba ya zamani, ikitazama bao moja kwa moja. Kipaza sauti nilikibandika chini ya ubao, maana mlio wa komwe, zile mbegu ngumu tunazozifanya kete, zikianguka shimoni ni nusu ya utamu. Kibali cha KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, na ruhusa ya kaunti vilipatikana, basi.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa wa kampuni ya kamari, na pesa zake zingelipia msimu mzima. Nilipowafikishia wachezaji, mkubwa wao alinijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, sisi twacheza. Hao wataka tuchezewe." Yakaishia hapo. Na hata kibiashara niliona alikuwa sahihi; jina la kamari kwenye kipindi cha wazee wa baraza lingefukuza unga, chai na mafuta ya kupikia, yaani wale wanaotafuta nafasi Ramadhani ikikaribia.

Kwa wengine niliacha kwenda na makaratasi. Nilikwenda na simu yenye dakika tatu za mchezo mmoja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Changamwe, mtu wa bara asiyewahi kugusa kete, aliziangalia mara mbili kisha akauliza, "Sasa nyumba ya huyu itabomoka?" Sikuhitaji kueleza zaidi. Zile namba za pembeni zikapata nembo yake ya saruji na mabati, na kila mara mtangazaji anapopaza "nyumba bado imesimama!", duka linatajwa. Hakuna tangazo la sekunde 30 ambalo lingemfanyia hivyo. Muuza majani ya chai alichukua mapumziko ya kabla ya mtaji, kwa sababu hapo ndipo vikombe vinapozunguka hata barazani.

Kwenye mkataba nilishikilia mambo mawili. Nusu ya pesa kabla ya kurekodi, maana huku ankara hukaa miezi na wazee hawaambiwi "subiri idara ya hesabu". La pili, picha zote zibaki mali yangu, kituo kiwe na haki ya kurusha tu. Kituo hakikulijali sana hilo. Sasa vipande vifupi vinaonyeshwa kwenye mabasi ya usiku ya Mombasa–Nairobi, nembo za wadhamini zikiwa mle mle, na mwenye mabasi hunilipa kwa mwezi. Muuza saruji ameshaulizia msimu ujao, nimempandishia bei.