Shimo la Mungu lilivyonifikisha Horombo

Malipo ya korosho yalipoingia, wenzangu walikimbilia pikipiki. Mimi nikamwambia mke wangu nakwenda Kilimanjaro. Si kileleni, kambi ya Horombo tu, mita 3,720, msitu ukiwa umeshaachwa nyuma. Akacheka: "Baba Zuhura, ngazi za benki zenyewe unazihemea!"

Hakujua nimeanza mazoezi tangu Agosti. Sisi wa Newala tunalo Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, na ng'ambo unaiona Msumbiji. Kila Jumamosi alfajiri nilishuka na kupanda, mgongoni dumu la maji la lita tano, baadaye kumi. Siku ya kwanza nilipanda kwa pupa, nikaishia kukaa kwenye jiwe, moyo unapiga kama ngoma ya jando. Akatokea bibi mmoja, mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unakimbizwa na nani?"

Akanieleza kwamba usichana wao uliishia njia hiyo hiyo, kufuata maji bondeni, maana huku juu hakuna chemchemi. Walipanda wakipiga soga. Ukiona huwezi kuongea, alisema, ujue unakwenda mbio. Akanipita.

Hiyo ndiyo kanuni niliyosafiri nayo. Basi la kwenda Moshi silisimulii, mgongo bado unalikumbuka.

Kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, ni msitu mtupu. Si kama mapori yetu ya miombo ambayo jua linapenya. Huku miti imefuga ndevu, mizizi inateleza, na mbega wanaruka juu na mikia yao myeupe. Nilimsimulia kiongozi wangu habari za mnada, mabibo, ubanguaji, hadi akasema, "Kaka, watu wa Mtwara mnaongea!" Sikumwambia kwamba napima pumzi.

Siku ya pili msitu ulikatika ghafla, tukaingia kwenye vichaka, halafu nyasi na upepo. Karibu na Horombo ipo miti ya ajabu, shina nene, kichwani majani kama kabichi. Majani yakifa hayaanguki, yanalizunguka shina kama koti, baridi ya usiku isiliue. Mimi koti langu lilikuwa la kukodi, na usiku ule niliionea wivu miti ile. Kichwa kiliuma pia. Tukalala hapo siku mbili ili mwili uzoee hewa nyepesi, tukatembea kidogo juu hadi kwenye miamba yenye milia na kurudi. Kikapoa.

Kilichonishinda ni kushuka. Newala unaanza kwa kushuka miguu ikiwa mibichi, unamaliza kwa kupanda. Mlimani ni kinyume, unashuka ukiwa umechoka, na vidole vinagonga ncha ya kiatu kutwa nzima. Sikuwa nimekata kucha. Mbili zimegeuka nyeusi mpaka leo. Ningejua, ningefanya mazoezi ya kushuka nikiwa hoi.

Niliporudi nilimkuta yule bibi njiani. Hakuuliza habari za theluji.

"Maji yapo huko?"

"Yapo bibi, yanatiririka yenyewe hadi vijijini."

Akautua mzigo. "Basi wanawake wa huko wamepumzika."